Kofia ya Mwenye Mashine

Kila asubuhi, kabla watoto hawajaanza kufika, Sekela Mwambene alikanda udongo kwa mikono mitupu. Alipandisha mikono ya sweta, akaliweka donge zima juu ya ubao na kulisukuma kwa viganja kama mtu anayekanda unga wa maandazi ya harusi, akalikunja, akalisukuma tena, mpaka likalegea na kushika uvuguvugu. Mji wa Lusungo umekaa juu kabisa, ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, na baridi ya huko mwezi wa sita haina adabu wala haibishi hodi. Udongo ukilala chumbani unaamka mgumu kama sabuni ya mche. Na mtoto gani atacheza na sabuni ya mche?

Udongo wenyewe haukuwa ule wa mfinyanzi. Uliitwa udongo msikivu, na serikali iliuleta Lusungo pamoja na mahema, magodoro na maharage, mwaka ule mlima ulipoteremka na kuzika vijiji vitano kwa asubuhi moja. Kila chembe yake ilikuwa kijidude kidogo kuliko ncha ya sindano, chenye kuhisi na kusogea. Mtoto akiushika, ulisikia joto la kiganja, jasho, mtetemo, hata uzito wa kidole kinachotaka kwenda mahali na kinaogopa. Kisha ulimsaidia. Mtoto akianza mguu, udongo ulimalizia goti. Akianza mdomo, udongo ulijua kama mdomo huo unacheka au unapiga kelele. Watoto waliotolewa matopeni walikuwa wamepoteza maneno, na huwezi kukaa na mtoto wa namna hiyo ukamwambia, haya, tueleze unavyojisikia. Unampa mchezo, unakaa pembeni, unafunga mdomo wako. Mchezo ndio unaosema.

Sekela alikuwa hodari wa kukaa pembeni. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwili mpana, sauti ya chini, na watoto walimwita Mama Udongo. Wengine walimpenda kuliko walezi wao. Na yeye, tusifichane, alijipenda kidogo kwa kupendwa huko.

Siku hiyo alikuwa bado anakanda pale mlango uliposukumwa, akaingia Rukia Mtulia, mkaguzi wa vifaa kutoka Mbeya, mwanamke kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alikuwa amefika jana yake kwa ukaguzi wa mwaka, akauunganisha udongo na kishikwambi chake, akaenda nyumba ya wageni kuisoma kumbukumbu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje na baridi yetu?"

Macho ya Rukia yalikuwa kwenye mikono ya Sekela, iliyozama ndani ya donge mpaka kwenye vifundo.

"Mama, unafanya nini?"

"Naupasha. Huoni?"

"Na sanduku?"

Sanduku la kupashia lilikuwa kwenye kona. Sekela alilifunika kitambaa cha kudarizi, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua ya plastiki. Kwa kweli lilipendeza.

"Lile? Linakula dakika arobaini, halafu joto lake silo. Joto la mkono ni joto la mkono, mwanangu. Mtoto anajua."

Rukia alijivutia kigoda cha watoto, akakaa, magoti yakamfika kidevuni. "Mama, lile sanduku si la kupasha. Kupasha ni nyongeza tu. Lile linafuta."

"Linafuta nini? Udongo huu hauna hata doa."

"Udongo unakumbuka mkono. Umetengenezwa hivyo, ili mtoto akirudi kesho aanzie alipoishia. Kabla ya mtoto mwingine unauingiza sandukuni, unafutwa, unaanza upya. Usipofutwa, unabaki na mkono uliokaa ndani yake muda mrefu na kwa nguvu. Mtoto anaushika nusu saa, kwa vidole. Wewe unaukanda kila siku kwa viganja vyote viwili. Miaka mitatu. Ipo kwenye mwongozo, mama. Ukurasa wa arobaini na moja. Na ilifundishwa, siku ya pili ya mafunzo."

Siku ya pili ya mafunzo Sekela alikuwa msibani Kiwira, kumzika shemeji yake. Msiba hauombewi ruhusa. Alirudi siku ya tatu, akapewa cheti kama wenzake, akaupokea mwongozo, akausoma mpaka pale uliposema mtoto ndiye anayeongoza mchezo. Hapo aliufunga kwa furaha, maana ndivyo alivyoamini maisha yake yote.

"Basi kuanzia leo nitatumia sanduku," alisema. "Tatizo liko wapi?"

Rukia alikilaza kishikwambi mezani, katikati ya vikombe vya kuchezea na sufuria ndogo za bati. Kwenye kioo yalijipanga maumbo ishirini na matatu, watu wadogo wa udongo, kila mmoja na jina la mtoto chini yake.

"Haya ndiyo maumbo yaliyopelekwa Baraza la Malezi kama ushahidi wa watoto kupigwa nyumbani. Jana niliyapanga pamoja, na sijui kama kuna aliyewahi kuyapanga pamoja. Watoto hawa hawakai nyumba moja, wengine hata hawajuani. Watazame vichwani, mama."

Sekela akachukua miwani. Alitazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa na kofia. Wa sita pia. Alihesabu kwa kidole, kidole chenye udongo kikaacha alama kwenye kioo. Watu kumi na mmoja kati ya ishirini na watatu walivaa kofia, na ilikuwa kofia moja, pana, iliyoshuka mbele mpaka kwenye nyusi na kupinda juu kwa nyuma.

Hakuna aliyehitaji kumwambia ni ya nani. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale Katumba, na aliivaa kofia hiyo dhidi ya vumbi la unga, mpaka ikawa nyeupe na ngumu kama chapati ya juzi. Mlangoni, kwenye msumari, ulining'inia mkanda wa mashine uliochakaa. Aliukunja mara mbili, ukawa kitanzi mkononi. Watoto wake sita waliujua kwa mlio.

Kilichomjia kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa aibu, aibu ile ya mtu aliyekutwa na wageni akiwa kwenye shimizi. Miaka hamsini alikuwa hajamtajia mtu habari za mkanda ule, hata marehemu mumewe, kumbe alikuwa akiusambaza kila asubuhi kwa watoto wa watu.

"Na Ikupa?" aliuliza. Alilijua jibu, lakini aliuliza.

Rukia aliweka kidole kwenye mstari wa pili. Mtu mwenye kofia, mkono umeinuliwa, kitanzi mkononi.

*

Ikupa Mwaluko alikuwa na miaka mitano alipoletwa, na alikuwa hajasema neno tangu mlima uteremke. Mama yake alibaki chini ya matope. Baba yake, Gwamaka, fundi umeme, ndiye aliyemleta kituoni kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mama, nisaidie, mtoto ananitazama tu." Wiki ya sita umbo likajitokeza. Wiki ya saba likarudi. Wiki ya nane likarudi tena, na sheria ya Baraza ilikuwa fupi. Umbo likija mara tatu, siku tatu tofauti, hilo ni neno la mtoto, na neno la mtoto halipingwi na neno la mtu mzima. Iliandikwa na watu wema, waliochoka kuona watoto hawaaminiwi.

Gwamaka aliitwa barazani akitokea kazini, na kwa bahati mbaya alikuja na bunda la waya begani. Mwenyekiti alipouliza kile kitanzi mkononi mwa umbo ni kitu gani, wajumbe wote watano waligeuka wakamtazama bega. Maskini hakujua hata kwamba angeweza kulitua.

"Mama," alimwambia Sekela, si mwenyekiti, "mimi sijavaa kofia tangu nizaliwe. Waulize watu."

Na Sekela, kwa ile sauti yake ya chini, alilieleza Baraza kwamba mtoto akimvika mtu kofia anasema mtu huyo amemfunika, amemzidi. Kofia ni hisia, alisema, si nguo. Wajumbe waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Karani akaandika.

Hapo ndipo lilipomkaa sasa, kama mwiba wa samaki. Ukurasa wa arobaini na moja angeweza kujisamehe. Watu wangapi wanasoma mwongozo mpaka mwisho? Lakini siku ile umbo lilipojitokeza mara ya tatu, moyo wake ulimwambia wazi: huyu namjua. Hakuwahi kuwa na hakika ya kitu kama alivyokuwa na hakika siku ile. Akauita uzoefu. Akauita kipaji. Nyani haoni kundule, na yeye alilikalia kundu lake miaka mitatu akiwaonyesha wenzake ya kwao.

Gwamaka alipelekwa Chunya, mwaka na nusu sasa, asikaribie Lusungo. Hakuruhusiwa kuaga wala kuandika. Kila mwisho wa mwezi alituma kwa basi mfuko wa karanga, kilo moja, umefungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa vizuri. Agizo lilikataza kitu chake kumfikia mtoto, kwa hiyo karanga zilikwenda jikoni kwa wafanyakazi. Sekela mwenyewe alishazila, kwa chai ya saa nne. Zilikuwa tamu.

"Nirudishieni huyo mtu," alisema kwa nguvu, kama vile Rukia ndiye aliyemficha.

"Inawezekana," Rukia alisema. "Lakini nisikilize kwanza. Nikiandika kwamba udongo ulishikwa na mkono wa mtu mzima, yanafutwa yote ishirini na matatu. Si kumi na moja tu, maana hakuna mashine inayojua mkono wako unaishia wapi na wa mtoto unaanzia wapi. Maagizo yote yanaanguka ndani ya siku saba. Kila aliyeondolewa anarudi nyumbani kwake."

"Wote?"

"Wote. Na kesi haifunguliwi tena bila shahidi."

Sekela akamfikiria Subilaga. Subilaga alikuwa na miaka minane, na mlango ukifunguliwa kwa nguvu alijikojolea. Baba yake wa kambo, naye aliyeondolewa kwa umbo, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa kucheka na kila mtu, na katika mji unaogawa maji kwa zamu hakuna jirani atakayesimama kutoa ushahidi dhidi ya mwenyekiti wa maji. Umbo la Subilaga nalo lilikuwa na kofia. Lakini yule mtoto alikuwa anapigwa! Sekela alilijua hilo kwa kila kitu alichokuwa nacho. Kisha akakumbuka kwamba la Gwamaka pia alilijua hivyo hivyo.

"Subilaga ametulia miezi minne sasa," alisema. "Amenenepa. Anaimba. Nimrudishie yule mtu?"

"Mimi sijasema umrudishie."

"Na tukimrudisha baba Ikupa peke yake?"

"Kwa sababu gani utakayoiandika, mama?"

Nje, mpishi alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na harufu ya uji wa ulezi iliingia chumbani kama asubuhi yoyote nyingine.

Rukia akapunguza sauti. "Kuna jingine. Kumbukumbu inaonyesha mkono mkubwa, haionyeshi wa nani. Bila mwenye mkono kukiri mwenyewe kwa sahihi, mimi naruhusiwa kuandika hitilafu ndogo, udongo umesafishwa. Tunalitoa hilo ua la plastiki, sanduku linaanza kazi leo, na mambo yanakwenda mbele. Wengi waliokuja kabla yangu wangefanya hivyo, na wangelala usingizi." Aliinuka, akajifunga koti. "Ripoti inaondoka saa saba mchana. Sitakulaumu, mama. Na sitakusaidia kuchagua."

"Ikupa anakuja saa tatu," Sekela alisema.

"Basi mpe udongo msafi. Angalau mara moja."

*

Wakauingiza udongo sandukuni. Dakika arobaini Sekela alikaa mbele yake mikono imelala mapajani, na mikono hiyo haikujua iende wapi. Udongo ulipotoka ulikuwa na vuguvugu la kufanana kila upande, kama maji ya dukani. Akavaa glovu ambazo zilikuwa hazijawahi kutoka kwenye boksi lake.

Ikupa aliletwa na mlezi wake, akavua viatu mlangoni, akaingia bila kumtazama mtu. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye paji pana, na kitu kimoja tu kilichoonyesha kwamba anasikia: ukisema jambo asilolipenda, alijishika sikio. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Akaugusa udongo, akautoa mkono. Akaunusa. Kisha akamgeukia Sekela na kumtazama, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari na anataka kujua kulikoni.

"Umeona leo ni tofauti," Sekela alisema. Kazi yake ilikuwa hiyo, kurudisha anachokiona, asiulize, asiongoze.

Ikupa akaanza. Mwanzoni udongo ulikuwa mzito wa kuelewa, ulingoja, haukukimbilia mbele kama siku zote. Mtoto aliminya, akasubiri, akaminya. Polepole ukaanza kumfuata. Alijenga kuta nne, akaacha uwazi wa mlango, akatengeneza kipande bapa cha kuufunga uwazi huo. Ndani akaweka mtu mdogo. Kisha akatengeneza mwanamume. Kichwa cha mwanamume kilikuwa kitupu, cha mviringo kama yai, na begani kulikuwa na mzingo mwembamba aliousokota kwa subira, ulimi nje, akihesabu mizunguko kwa kutikisa kichwa. Mikono ya yule mwanamume ilining'inia tu. Alimweka karibu na yule mdogo, karibu sana, mpaka wakagusana.

Hakukuwa na kitanzi. Hakukuwa na mkono ulioinuliwa. Sekela alisikia machozi yakimpanda, akayameza, maana ule haukuwa wakati wake wa kulia.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Huyu Ikupa alimtengeneza haraka, kwa kofi na ngumi. Mwili mpana, kilemba, na mikono mikubwa kupita kiasi, mikubwa kuliko kichwa. Yule mwanamke alikwenda mpaka ndani ya nyumba, akamkamata mwanamume, akamburuta nje mpaka ukingoni mwa ubao. Akarudi. Akaufunga mlango. Ikupa akaufungua. Mwanamke akaufunga. Ikupa akaufungua tena, na tena yule mwanamke akaufunga, na mikono yake mikubwa ikabaki imebandikwa pale mlangoni.

"Mdogo anataka mlango uwe wazi," Sekela alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Mama huyo anaufunga."

Ikupa akainua ngumi, akampiga yule mwanamke mpaka akawa bapa. Akampiga tena. Alimpiga mara nyingi, bila kelele, akihema, nywele zikimtoka kwenye mabutu.

"Una hasira naye sana. Unampiga sana."

Mtoto akaacha. Aliutazama udongo uliobandikwa ubaoni, kisha akaubandua wote kwa vidole viwili, akaufanya donge, akalisukuma juu ya meza mpaka likagusa glovu za Sekela. Akamnyooshea kidole kifuani.

Wewe.

Sheria ya mchezo ni kwamba mtoto akikukaribisha, unaingia, na unacheza kile anachotaka yeye. Sekela alikuwa ameifundisha sheria hiyo kwa walezi wawili wa kila kijiji kilichozikwa. Lakini alijua vizuri kingetokea nini akilishika donge lile, na alijua kwamba chumba kilikuwa kinarekodi, kama kinavyorekodi kila kikao. Rekodi iliyotiwa sahihi ilikwenda Baraza. Isiyotiwa sahihi ilijifuta jioni.

Ikupa alingoja. Alijishika sikio.

Sekela akazivua glovu.

Hakuhitaji hata kukusudia. Udongo ulikuwa umefutwa, lakini viganja havikufutwa, na vilipokutana ulikuwa kama mbwa aliyesikia hatua za mwenyewe getini. Miguu ilisimama, kiuno kikakaza, mabega yakapanuka, mkono wa kulia ukapanda juu na kitanzi kikajikunja ndani yake mara mbili. Mwisho ikaja kofia. Ilishuka mbele mpaka kwenye nyusi, ikapinda nyuma. Sekela alikuwa na miaka hamsini na minane, na alijikuta ameinamisha kichwa chini na kuinua bega la kushoto, kama alivyokuwa akifanya pale Katumba, ili pigo la kwanza liangukie begani.

Ikupa alilizunguka lile umbo. Alilitazama kwa mbele, kwa nyuma, akainama akachungulia chini ya kofia. Alikuwa ameliona mara nyingi likitoka chini ya vidole vyake mwenyewe, na huenda hakuna siku aliyoelewa linatoka wapi.

"Huyu baba wa nani?"

Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, imeshika kutu, ya mtoto mdogo kuliko miaka yake. Sekela alidhani ni mtu mwingine aliyeingia. Kisha akaona midomo ya Ikupa bado iko wazi, ikingoja.

"Wangu," alisema.

"Anakupiga?"

"Alikuwa ananipiga. Zamani. Ameshakufa."

Ikupa alilifikiria hilo. Alinyoosha mkono, akakitoa kile kitanzi mkononi mwa yule mtu, taratibu, akakiweka ndani ya sufuria ya bati ya kuchezea na kuifunika. Baada ya hapo alimtazama Sekela usoni.

"Wa kwangu yuko wapi?"

Ungeweza kujibu swali hilo kwa namna nyingi. Sekela alizijua zote, ni kazi yake. Zipo sentensi laini za kumwambia mtoto jambo bila kumwambia. Alipiga magoti sakafuni ili macho yao yalingane.

"Yuko Chunya. Hajafa. Hakukuacha. Mimi ndiye niliyesema aondolewe. Niliwaambia watu kwamba huyu mwenye kofia ni yeye, na nilikosea. Lilikuwa kosa langu, Ikupa, si lako. Wewe hukusema kitu kibaya."

Alingoja ngumi. Angeipokea, tena kwa shukrani. Lakini mtoto hakumpiga, wala hakulia, wala hakumkumbatia. Alikunja paji lake pana na kusema, kwa sauti ya mtu anayedai ungo wake ulioazimwa na jirani:

"Basi mrudishe."

Akaenda mlangoni, akaketi chini, akaanza kuvaa viatu vyake. Kwake yeye maneno yalikuwa yamekwisha.

Sekela alishikilia meza akainuka, magoti yakamlalamikia. Kidude cha kutia sahihi kilikuwa ukutani, pembeni mwa mlango, kioo kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Ilikuwa saa nne kasorobo. Alijua kwamba ndani ya siku saba watu ishirini na watatu watafungua milango ya nyumba zao, na kwamba wengine walistahili kuifungua na wengine hawakustahili, na kwamba yeye, aliyejitia kujua yupi ni yupi, hakuwa anajua. Angekwenda kwa kila jirani wa Lusungo kutafuta shahidi mmoja wa Subilaga. Angepiga magoti ikibidi. Labda angempata. Labda asingempata, na mtoto yule angelipia kwa mgongo wake kosa la mtu mzima aliyetaka kuwa mkweli kwa mwingine.

Aliweka kidole gumba kwenye kioo, na udongo wake. Kioo kikawaka kijani, kikazimika.

Ikupa alikuwa amemaliza kufunga kamba za viatu. Alisimama, akaufungua mlango, akauacha wazi nyuma yake.

Nje kwenye benchi, Subilaga alikuwa ameshafika kwa zamu ya saa nne, viatu amevivua na kuvipanga, akiimba wimbo wa shule taratibu. Alipomwona Sekela akatabasamu, akainuka.

"Mama Udongo, niingie?"